Mama Aliyeponywa Mara Saba

Kwa miaka tisa, fundi cherehani wa mtaa wetu aliponywa miguu mara saba, zote siku ya Jumamosi, maana ndiyo siku ambayo kanisa lilipata kamera ya kuazima.

Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, akakulia kwenye magongo mawili. Kikundi cha kanisa kilitengeneza filamu za familia: baba mlevi anaokoka, mtoto mkaidi anarudi nyumbani, na katikati pana mlemavu wa kuombewa. Mlemavu alikuwa yeye. Magongo yalianguka, kamera ikazimwa, ilipowashwa tena miguu iliyotembea ilikuwa ya mdogo wake, ndani ya gauni linalofanana. Magauni yote mawili alishona mwenyewe.

"Dada, sisi ni mtu mmoja," mdogo wake alimtania. "Wewe uso, mimi miguu. Kiuno tu ndicho hakina mwenyewe."

Mtaani walimwita Muujiza. "Muujiza, nipunguzie suruali." Alipunguza.

Baada ya filamu ya saba, binti yake wa miaka minane aliuliza, "Mama, yule unayekuwa ukishaombewa, ndiye mzuri zaidi?"

Wiki ileile fundi alimwendea mwongozaji wa filamu, mwalimu wa watoto pale kanisani.

"Safari hii nataka niwe mama."

"Mama mwenye shida gani?"

"Mama tu. Apike, agombeze, ampeleke mtoto shule. Na magongo yake, mwanzo hadi mwisho."

"Sasa ataombewa lini?"

"Haombewi. Anaomba yeye."

Mwongozaji alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye taabu. Mtu mbaya angekataa palepale. "Watu watauliza, dada yangu, huyu Mungu amemsahau?"

"Waje waniulize. Mimi niko dirishani na cherehani yangu kutwa nzima."

Akakubali. Walipiga picha Jumamosi mbili. Njia ya shule fundi aliipanda mara sita, jua la saa saba, akiwa na mtoto wa kuigiza pembeni, hata mshika kamera akapiga makofi. Binti yake aliwatangazia wenzake darasani: mje mumwone mama yangu.

Wakaja. Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka viti vya plastiki vikaisha. Kwenye turubai alionekana mama akipika, kuanzia kifuani kwenda juu. Akagomba, kuanzia kifuani kwenda juu. Ilipofika njia ya shule, miguu miwili ilipanda kilima kwa madaha. Fundi aliijua kabla hata ya kuona viatu.

Mdogo wake, kiti cha pili, aliinama. "Waliniambia umekubali," alinong'ona.

"Wewe hukuniuliza."

Mlangoni mwongozaji alimshika mikono yote miwili. "Tuliona tukuheshimu, dada. Watu wasikuonee huruma."

"Asante," fundi alisema. Hakupata neno lingine linalofaa kusemwa kanisani.

Jumatatu asubuhi alimfunga binti yake vifungo vya sare, akayavuta magongo yaliyoegemea ukutani. Mtoto hakutoka. Alisimama kizingitini akichezea mkanda wa begi.

"Mama," alisema, bila ubaya wowote, "leo anipeleke mama mdogo. Wenzangu wote wameiona filamu."

Fundi alimrekebisha kola, ambayo haikuwa na kasoro. Kisha akageukia chumba cha nyuma alikolala mdogo wake, akamwita.