Baba Mkwe Mlangoni kwa Mfinyanzi

Jina la baba mkwe wangu sikuruhusiwa kulitamka tangu nilipoolewa, na hata leo silitamki. Zamani ilikuwa heshima. Sasa sitaki tu.

Wadachi walimchukua mume wangu kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Mzee akaamua nirithiwe na shemeji. Mimi nilikuwa nimesoma misheni mpaka nikawafundisha wenzangu kusoma, nimebatizwa, na shemeji mwenyewe ana wake wawili. Nikamfunga binti yangu mgongoni, nikashukia Mwaya, ufukoni mwa ziwa, kwa mfinyanzi.

Alikuwa mjane wa kabila la Wakisi, aliyekuja na mtumbwi wa vyungu kutoka vijiji vya chini ya milima, akajijengea kibanda karibu na maji. Tulijuana kwa salamu za sokoni tu. Siku ile aliniuliza jambo moja: "Unajua kukanda udongo?" Nikasema sijui. "Basi utajua."

Vyungu vyake havikuuzwa kwa hela. Anayekitaka chungu alikijaza mpunga au mahindi, akamwachia nafaka, akaenda nacho. Ndivyo tulivyokula mwaka mzima, watatu sufuria moja. Binti yangu alijifunza kusimama kwa kushikilia vyungu vibichi, alama za vidole vyake zikabaki kwenye udongo, na yule mama hakuzifuta. Alivichoma vyungu hivyo hivyo. Kibanda kile kimeshaoza, lakini nikinusa moshi wa nyasi kavu bado nautamani uji wake.

Asubuhi moja mzee akaja. Kwetu mke wa mwana haonekani mbele ya baba mkwe, wala hasemi naye. Niliiona fimbo yake tu, nikakimbilia ndani na mtoto, nikajifunika nguo kichwani. Hasira ninazo, na sina ruhusa ya kuzitoa.

"Nimemfuata mtoto wetu," akasema.

Nikamnong'oneza mfinyanzi maneno ambayo siyaandiki hapa. Akatoka nje, akayageuza yote.

"Tata," akamwita, yaani baba, "mkweo anakusalimu."

"Mlete mtoto."

"Yuko ndani, kakumbatiwa na mama yake. Ingia umchukue."

Mahali nilipo mimi, yeye haingii. Alipaswa kuja na mkewe, lakini kwa kiburi chake alidhani mfinyanzi mgeni atatii tu. Mwiko ulionifunga mdomo ulikuwa umemfunga yeye miguu.

"Basi mtoe wewe."

"Mikono yangu ina udongo, Tata. Halafu kwangu chungu hakitoki bila kujazwa. Huyu nimemjaza mimi, uji wa mwaka mzima. Wewe umemjaza nini?"

Nilicheka ndani ya ile nguo huku machozi yananitoka. Mzee alikaa pale mpaka jua likafika utosini. Mfinyanzi akampelekea ndizi za kupika, akazila zote, akaondoka akisema kesho anarudi na mama mkwe.

Na mama mkwe angeingia. Mchana ule ule tukapakia vyungu mtumbwini, hata vibichi, tukafuata ufuko kuelekea kwao mfinyanzi. Alipiga kasia akinisema njia nzima kwamba napanga vyungu kama mtu aliyesoma sana. Binti yangu alikaa katikati yetu. Alipoona maji yanaingia, akaita, "Juba," yaani mama.

Tuliitika sote wawili.