Nilivyoigiza Kuwa Mama Yake

Mimi ni fundi cherehani hapa Kyela mjini, na maishani sikuwahi kutamani kuigiza. Nilichokuwa nacho ni uso ambao watu wanasema una huzuni hata nikiwa nacheka. Kijana mmoja alikuja kupunguziwa suruali, akakaa kwenye benchi ananitazama nikishona, mwisho akasema, "Mama, natengeneza filamu. Natafuta mama wa mhusika wangu, na naona ni wewe."

Alikuwa mtoto wa mkulima wa Ndandalo aliyesoma Dar es Salaam na kurudi nyumbani na kamera moja na rafiki wa kumshikia maiki. Filamu yake ilihusu mtu anayetumia unga na kulala nje, ambaye kila akirudi kwao anakuta mlango umefungwa. Nilimwambia nitafikiria. Kesho yake nikakubali, kwa sababu kazi zilikuwa chache msimu ule wa mvua na nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu dukani.

Sikujua anayeigiza mhusika mkuu ni nani mpaka siku ya kwanza ya kupiga picha. Nilipomwona nilimvuta mwongozaji pembeni nikamuuliza kama ana akili timamu. Mji mzima ulimjua yule mtu. Alilala kwenye baraza la mashine ya kukoboa mpunga, mchana akishusha mizigo stendi ili apate hela ya unga. Watu walimwita teja naye akaitika, kama vile ndilo jina alilobatizwa nalo. Mwongozaji akanijibu kwamba hakutaka mtu wa kuigiza mateso, alitaka mtu anayeyajua.

Yeye mwenyewe alikuja akainama mbele yangu akasema, "Shikamoo, juba." Kwa Kinyakyusa ndivyo mtu anavyomwita mama yake. Nikaitika. Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Tulipiga picha Talatala, kwenye nyumba ya shangazi yake mwongozaji. Asubuhi yule mtu alikuwa mzuri kuliko sisi sote. Alikumbuka maneno, alichekesha watu, aliwasaidia wenyeji kuanua kakao mvua ilipotishia. Ikifika saa nane hivi alianza kutoka jasho na kupiga miayo, makamasi yanamtoka, na tulijua arosto imeanza, mwili unadai unga. Mwongozaji alimtilia hela mfukoni, naye akaondoka na bodaboda. Sote tuliona, hakuna aliyeuliza hela ile ni ya kwenda kununulia nini.

Siku tuliyopiga tukio la mlango, ilinyesha kweli. Mimi nilikuwa ndani, nimeegemea mlango, kamera iko upande wangu. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kutofungua. Yeye alikuwa nje kwenye mvua. Alitakiwa aseme maneno mawili matatu kisha aondoke. Aliyasema. Halafu akaendelea kwa Kinyakyusa maneno ambayo hayakuandikwa, taratibu, bila kulia. Alisema mwili unamuuma. Alisema hatachukua kitu humu ndani safari hii, akae jikoni tu, karibu na moto.

Nilifungua. Sikuamua, mkono ulikwenda wenyewe kwenye komeo.

"Mama, usifungue," mwongozaji akasema. "Turudie."

Tukarudia. Mara ya pili sikufungua, na ndiyo iliyo kwenye filamu. Watu wachache walioiona husema niliigiza vizuri sana pale.

Na kweli walikuwa wachache. Mwongozaji aliituma kwenye matamasha, hakujibiwa. Alipeleka kwenye televisheni, wakamwambia haina vichekesho wala nyota anayejulikana. Mwishowe alikodi ukumbi hapa mjini Jumapili mchana baada ya ibada. Viti vingi vilibaki wazi. Waliokuja walikuja kumwona teja wa stendi kwenye ukuta, na kila alipotokea walicheka. Yeye alikuwa amekaa mbele, amevaa shati nililomshonea, na mwanzoni alicheka nao. Baadaye aliinuka akatoka, hakurudi.

Wiki iliyofuata alikuja dukani kwangu. Akaja tena. Nilimpa chai na wali uliobaki, akala amekaa chini kando ya mlango ili wateja wasikose pa kupita. Nilimwambia juu ya kliniki ya Mbeya, ambako waraibu hunyweshwa dawa ya kuwasaidia kuacha. Akasema anaijua, alikwenda.

"Ikawaje?"

"Dawa unakunywa kila siku, juba, na lazima uwepo pale pale. Mbeya sina pa kulala. Nililala sokoni, na sokoni ndipo unga ulipo."

Nilikwenda kwa mama yake mzazi, kijijini Bujonde. Nilidhani nitamkuta mwanamke mgumu. Nilimkuta anaanika mpunga, mdogo wa mwili, akaniletea kiti na ndizi kabla hajaniuliza nilichofuata. Nilipomweleza aliendelea kuutandaza mpunga kwa kiganja.

"Wewe ulikuwa mama yake mbele ya kamera," akasema. "Ni vizuri, nashukuru. Mimi nimefungua mlango mpaka nyumba ikabaki tupu. Alichukua redio, akachukua mabati ya jiko, akachukua mbegu. Wadogo zake walilala njaa. Sasa uniambie nifanye nini ambacho sijafanya."

Nilikula ndizi zake, nikamshukuru, "Ndaga fijo," nikapanda bodaboda kurudi mjini. Mimi pia sikumkaribisha alale kwangu. Nina mabinti, na nguo za watu zimejaa ndani.

Alianza kukohoa mvua za mwaka uliofuata. Wapagazi wenzake walimpeleka hospitali na mmoja akaja kuniita, maana yeye alikuwa ametaja duka langu. Muuguzi aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani. Nilimpigia mama yake, akaja siku ile ile na uji kwenye chupa, akakaa kitandani akimlisha kwa kijiko, na sikusikia akimlaumu hata kwa neno moja. Muuguzi alisema mapafu yamechoka, tena alicheleweshwa. Aliishi siku chache tu baada ya hapo.

Tulimzika Bujonde, kwenye migomba ya baba yake. Mchungaji alisema marehemu aliugua kifua. Mwongozaji alikuja bila kamera, akasimama nyuma na wanaume.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mama alinishika mkono. "Ile filamu," aliniuliza, "wanaweza kuifuta?"

Nilimwambia ipo kwenye mtandao, mwongozaji aliiweka baada ya kukosa wa kuinunua.

"Basi mwambie aiondoe. Sitaki wajukuu wangu waje kumwona vile."

Nilimfikishia mwongozaji ujumbe pale pale, chini ya maturubai. Alisema hana kazi nyingine aliyowahi kuimaliza, siku hizi anapiga picha za harusi, na kama akiifuta hapatabaki popote pa kumwona yule mtu akitembea na kuongea. Ndugu hawana hata picha yake ya ukubwani. "Nitafikiria, mama," akasema, na niliona anasema kweli.

Mama wa marehemu amenipigia simu mara kadhaa tangu siku ile. Hanigombezi, ananisalimia, anawaulizia mabinti, kisha anauliza kama imeondolewa. Mimi siwezi kuifuta, sina hata nywila yake. Namwambia bado. Baada ya kukata simu huwa naitafuta ile filamu mtandaoni niangalie kama bado ipo, na ipo, na karibu hakuna anayeiangalia.