Ndege ya Mrusi Kwenye Kikao cha Wazazi

Matokeo ya kidato cha pili yalipotoka, mkuu wa shule aliniita ofisini akanitangazia mambo mawili bila hata kuniambia nikae. La kwanza, darasa la Fizikia kidato cha tatu lisipopata wanafunzi kumi, halitakuwepo, na mimi nitapewa vipindi vya Biolojia na Hisabati. La pili, aliyepata F ya Fizikia haruhusiwi kuichagua, asije akatushushia wastani wa shule. Nikawapitia kichwani wale waliofaulu, nikatoa waliokuwa wameshasema kwamba somo hilo hawalitaki tena hata kwa dawa. Waliobaki hawakufika kumi.

Nilitoka mle ofisini nimevimba. Mimi nimezaliwa Igamba, kwenye kahawa na baridi, na watu wa kwetu wanasema hasira zangu nilizaliwa nazo, joto la hapa Msangano ninapofundisha limezipasha tu. Lakini siku ile nilikuwa na sababu. Pampu ya maji ya kijiji ikiharibika, tunamsubiri fundi kutoka Vwawa. Transfoma ikilipuka, tunamsubiri mwingine, na huyo hata simu hapokei. Mtoto akiikosa Fizikia kidato cha tatu, kazi zote hizo amefungiwa mlango akiwa na miaka kumi na sita, na wenye funguo ni sisi walimu wake. Niliona ni dhambi, na mpaka leo naona hivyo.

Halafu kulikuwa na binti mmoja. Wazazi wake ni wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Momba na ng'ombe wao, na yeye alikuwa amepata F iliyonyooka. Ila karatasi zake nilizijua. Haachi swali hata moja wazi. Anajibu yote, anakosea mengi, kesho anakuja na jibu jingine. Wenzake wengi hukaa darasani kiupandeupande ili swali la mwalimu liwapite. Yeye anakaa mbele, linampiga usoni.

Alinifuata karibu na bomba la maji. "Madam, nasikia wenye F tumekatazwa Fizikia."

"Ndivyo walivyosema."

"Sasa nitajuaje nilikosea wapi?"

Nilimwambia aende darasani, na iliniuma kwamba ndilo jambo pekee nililoweza kumwambia.

Wiki hiyohiyo, pale kijiweni kwa vijana wa bodaboda, habari ilikuwa ndege ya kivita ya Mrusi, ile Su-57. Mmoja alikuwa na video kwenye simu: ndege inapanda juu, inasimama karibu wima, inajigeuza kama jani. "Mrusi noma, wanangu," alisema. "Ile kitu ikikupitia juu ya kichwa huioni." Mwingine akasema basi ni ungo huo, wa kwao umefungwa injini. Waliponiona wakaniita niamue, maana mimi ndiye madam wa Fizikia. Nusu yao nimewafundisha, na hao ndio waliokuwa wakilala kwenye kipindi changu. Sasa walikuwa wakigombana juu ya rada na mawimbi, abiria anawasubiri kando na gunia lake la ufuta, na hakuna aliyekuwa amewalazimisha. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua nitakachofanya.

Kikao cha wazazi kilikuwa kimekaribia. Nilimwomba mkuu dakika chache za kuzungumza, akakubali, nadhani akifikiri nitawasukuma wazazi kuhusu mchango wa chakula cha mchana. Kisha nikaanza kusoma habari za ndege ile kwenye simu, jioni baada ya jioni, huku nikiunguza ubwabwa.

Rafiki yangu, mwalimu wa Uraia, alinipa ushauri wa bure. "Waambie haionekani kabisa. Mzazi akisikia kuna somo la kutengeneza kitu kisichoonekana, atakuletea mtoto na mbuzi juu."

"Njia ya mwongo ni fupi," nikamjibu.

"Fupi ndiyo tunayoitaka. Kikao kinaanza saa nne."

Nilicheka, lakini sikumfuata. Nilitaka watoto kumi, na nilitaka waje kwa ukweli.

Siku ya kikao nilibeba bati kuukuu lililobaki kwenye jiko langu, mpira mdogo wa kudunda, na godoro la sponji kutoka kitandani kwangu. Wazazi walijaa kwenye darasa ambalo halijamaliziwa, wengine wamekaa kwenye matofali. Walipoona godoro walianza kutazamana.

"Rada haina macho," nilianza. "Inarusha mawimbi, kisha inatega sikio. Mawimbi yakigonga kitu yakarudi, inajua kuna kitu. Leo mimi ni rada. Mpira huu ndio wimbi langu."

Wanafunzi wawili wakasimamisha bati wima mbele yangu. Nikarusha mpira, ukapiga kwa kishindo, ukarudi mkononi. "Nimekuona," nikaliambia bati. Wazazi wakacheka. Nikawaambia wanafunzi walilaze kwa mshazari, nikarusha tena. Mpira ukagonga, ukaruka pembeni, ukaenda moja kwa moja kwenye meza kuu na kuangusha soda ya mkuu wa shule.

"Sijakuona," nikasema. Darasa zima likapasuka kwa kicheko, isipokuwa meza kuu.

Mara ya tatu nikategesha godoro mbele ya bati. Mpira ukaingia kwenye sponji, ukafa hapohapo. Nikawaeleza kwamba ndege ile ndivyo ilivyo: pande zake bapa na mikia yake vimeinamishwa ili mawimbi yapotelee pembeni, na imepakwa vitu vya kuyameza yanayobaki. Hata silaha zake hazining'inii chini ya mabawa, zimefichwa tumboni ili zisirudishe mwangwi. Na matundu ya nyuma ya injini yanageuka, ndiyo maana inaweza kujipinda vile kwenye video.

Mzee mmoja wa mashamba ya mpunga akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, madam, ni kweli haionekani?"

Mwalimu wa Uraia alinikazia macho. Nikavuta pumzi. "Inaonekana, mzee. Inaonekana kwa kuchelewa, na inaonekana ndogo. Ikikujia usoni imejificha vizuri. Ukiwa nyuma yake, matundu ya injini zake ni ya mviringo na yana moto, hapo haijifichi sana. Na zipo rada za mawimbi marefu ambazo hazidanganyiki kirahisi."

Mnong'ono ulipita darasani, wa watu waliouziwa ng'ombe wakaletewa mbuzi. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akauliza humo tumboni inabeba nini hasa.

"Makombora, mama."

"Ya kuulia watu."

"Ya kuulia watu," nikakubali. Sikuwa na njia ya kulipamba hilo, na sikutaka. "Mimi ndege yenyewe siipendi. Lakini wimbi linaloitafuta ni ndugu wa lile linaloleta sauti ya mwanao kwenye simu. Ni ndugu wa lile linaloona mvua kabla haijafika. Na la ile tochi ya trafiki inayowasubiri madereva wa Mlowo." Hapo walicheka kidogo, lakini nilihisi nawapoteza.

Ndipo baba mmoja akasimama akijifuta jasho. "Madam, tusipotezeane muda. Hayo ni mambo ya Warusi. Wenzetu wale wanaweza."

Nilisikia damu inanipanda. "Wanaweza? Ngoja niwaambie walivyoweza!"

Nikawaambia kwa sauti ambayo kwa kawaida huwa naitumia uwanjani. Ndege ile ilianza kuruka mwaka 2010. Moja ya zile za majaribio ilitua salama, kisha ikashika moto palepale chini. Injini waliyoitaka haikuwa tayari, wakafunga ya muda, na ile ya muda ikakaa miaka na miaka. India walikuwa wameingia nao mradi wa pamoja, wakachoka, wakajitoa. Mwisho kabisa, ndege ya kwanza kutoka kiwandani kwa ajili ya jeshi, ile ya kukabidhiwa, ikaanguka kwenye majaribio kabla hawajaikabidhi. Rubani aliruka na mwavuli. "Dunia nzima iliwacheka," nikasema. "Mwaka uliofuata wakakabidhi nyingine. Mpaka leo hawana nyingi, na bado wanarekebisha. Huko ndiko kuweza kwenyewe!"

Karibu na mlango akasimama mwanamume mrefu aliyejifunga shuka, fimbo mkononi. Nilimtambua: baba wa yule binti.

"Mayu, samahani," aliniita kwa heshima ya kwao. "Hiyo ya kwanza, ilianguka kweli?"

"Ilianguka, baba."

"Na walioitengeneza, hawakufukuzwa?"

"Hawakuacha kazi. Walitengeneza nyingine."

"Haya. Sasa hapo mimi ndipo naomba kuelewa." Alihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Nani aliwavumilia?"

Nilikuwa nimesoma jioni zote zile, na swali hilo halikuwahi kunijia.

"Nauliza," akaendelea, "maana binti yangu ameanguka mara moja. Moja tu. Ameniambia nyumbani shule imekataza asijaribu tena. Nami nikamwambia, walimu hawawezi kusema hivyo, hujasikia vizuri. Sasa wazazi wenzangu tupo hapa. Nataka kujua nani amekataza."

Sikumtazama mkuu wa shule. Sikuwa na haja, kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama. Alikuwa bado anakausha soda kwenye makaratasi yake. Akaanza kueleza habari ya wastani, jinsi shule zinavyopangwa kimkoa, jinsi F chache zinavyoweza kuirudisha shule nyuma. Si mtu mbaya, na aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Yule baba alimsikiliza mpaka mwisho, hakukaa.

Mwenyekiti wa bodi ya shule, mama mtu mzima wa Kinyamwanga ambaye huwa hasemi mpaka wakati wa kufunga kikao, akainamia upande wa mkuu. "Mwalimu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waache watoto."

Mkuu alikunja makaratasi. "Basi, waje," alisema. "Wenye F wanaotaka, waje. Kwa mwaka huu." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na utani. "Lakini wastani ukishuka, madam, utakayejibu ni wewe."

"Nitajibu," nikasema, hata hajamaliza. Nilifurahi mpaka macho yakaniuma, na niliogopa pia, maana ahadi niliitoa mbele ya kijiji kizima na haikuwa na mlango wa nyuma.

Kwetu kila mwanafunzi ana kiti chake, na anapoingia kidato cha tatu hukibeba mwenyewe mpaka kwenye darasa la masomo aliyochagua. Jumatatu nilifungua chumba cha Fizikia mapema, nikafuta ubao ambao haukuwa na maandishi, nikafagia palipokuwa pameshafagiliwa. Mkuu alisimama kibarazani kwake, anaangalia. Alitokea wa kwanza na kiti kichwani, kisha wawili pamoja, kisha pakawa patupu kwa muda mrefu mpaka nikaanza kujisemea maneno mabaya. Halafu wakaja kwa mkupuo, wanagongana miguu ya viti mlangoni, wenye B na wenye D na wenye F. Walipopita kumi niliacha kuhesabu. Nilipotazama tena kibarazani, mkuu alikuwa ameshaingia ndani.

Yule binti aliingia akiwa amechelewa, vumbi mpaka magotini, akapenya katikati ya wote na kutua kiti chake mbele kabisa, karibu na ubao kiasi kwamba ilibidi nisogee. Niliandika swali la kwanza la mwaka: umesimama mbali na mlima, unapiga kelele, unausikia mwangwi baada ya muda fulani, mlima uko umbali gani?

Mkono wake ulikuwa juu kabla sijaweka chaki chini. Alisimama, akalikokotoa kwa sauti, kwa uhakika kabisa, na akakosea. Alisahau kwamba sauti inakwenda na pia inarudi. Nyuma wakaanza kucheka. Yeye hakukaa. Alinitazama, anasubiri nimwambie akae.

"Tena," nikasema.