Eda Chini ya Mnara

Mume wangu alipofariki, wifi yangu alihamia kwangu na sanduku moja, sufuria yake ya wali na maneno mengi. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu, Mzanzibari aliyekuwa Landani tangu miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, na aliniambia pale pale mlangoni, kabla hajavua koti, kwamba amekuja kunikalisha eda.

"Miezi minne na siku kumi, wifi. Humu humu ndani. Hatusemi huku ni Ulaya."

Humu ndani ilikuwa vyumba viwili vya juu, katika mji mdogo wenye kanisa kuu la kale, safari fupi ya treni kutoka Landani. Mume wangu alipanga huko kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Watu hutoka mbali kuja kulitazama kanisa lile, wanapigana picha mbele ya mlango wake, wananunua kadi. Dirisha langu la chumbani liliuelekea mnara wake hasa, na wifi alilifunga pazia siku ile ile aliyofika, kwa kuwa wanaume walipita njiani.

Siku ya mazishi wanaume walimchukua marehemu wakaenda kumzika katika makaburi ya Waislamu, mashariki ya Landani. Sisi wanawake tulibaki nyumbani tunasoma, kama ilivyo kwetu. Shemeji mmoja alirudi na udongo kwenye viatu. Niliutazama ule udongo mpaka akaona haya, akavivua akaviweka nje. Zaidi ya udongo ule sikuona kitu.

Na ruhusa yangu ya kukaa nchini ilikuwa imeshikana na ya mume wangu. Jamaa walikwenda Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, kuniombea, wakarudi na muda wa kumaliza eda na siku kidogo za kufunga mizigo. Tiketi ikakatwa. Ijumaa natoka eda, Jumapili napanda ndege, basi. Nikamuuliza wifi, kaburi nitaliona lini? Alikuwa anakuna nazi jikoni, hakugeuka.

"Wanawake hawaendi makaburini. Muombee dua hapo ulipo, itamfika."

Najua dua inafika. Nilitaka nifike mimi.

Tukakaa. Kioo cha bafuni alikifunika kanga. Manukato hakuna, wanja hakuna, hina usiitaje. Nilivaa nyeupe tupu, nikajifunika shuka nyeupe, na nikikohoa tu anauliza nini. Sitaki kumsingizia: alinipikia, alinisuka nywele, usiku niliposhtuka alikuwa keshaamka. Yeye mwenyewe alitoka kwenda dukani tu na kurudi akihema. Watoto wake walipompigia simu wakimuuliza kwa Kiingereza lini atarudi nyumbani, aliwajibu kwa Kiswahili kwamba hawezi kuniacha. Mimi niliisikia nikasaga meno. Niache, nilisema moyoni, niache hata siku moja nione utakavyonikuta. Lakini nilijua angenikuta pale pale.

Kengele za kanisa ndizo zilizoniponza. Jioni moja kila wiki wapigaji walikuwa wakifanya mazoezi, na kengele zikianza nyumba nzima hutetemeka, husikii hata bomba linalovuja. Sasa pete za pazia langu zilikuwa za chuma, ukizivuta zinalia. Kengele zikilia, pete hazisikiki. Basi wifi yuko jikoni, mimi chumbani navuta pazia kidogo, natoa uso, naangalia. Sikuwa na kitu maalumu cha kuangalia. Watu wanapita na mifuko, mbwa, mnara, mwanga unaisha. Kengele zikinyamaza nimekwisha kulirudisha.

Ng'ambo ya njia alikaa bibi mmoja wa Kiingereza, naye mjane. Tulikuwa tukisalimiana zamani, mume wangu akimbebea vitu vyake. Nilimwona mara kadhaa amesimama dirishani kwake ananitazama. Nikampungia mkono kidogo, kwa adabu tu. Kumbe mwenzangu kila wiki anaona uso ndani ya shuka nyeupe, unatokea kengele zikianza, unampungia mkono, unapotea. Na mlangoni hampiti mtu ila yule mwanamke mkali mwenye mfuko wa vitunguu.

Akawaita polisi.

Walikuja wawili, mwanamume na mwanamke. Wifi alifungua mlango, akaona kofia, akajitandaza kutoka huku mpaka huku.

"Mwanamume hapiti," alisema kwa Kiingereza chake. "Mniue mie kwanza."

Nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, na Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Kicheko kilinikauka niliposikia sauti ya yule askari wa kiume inabadilika. Nikasema kwa sauti kwamba niko hapa, nitazungumza na wa kike. Wifi akampisha huyo peke yake, mwenzake akabaki kwenye ngazi.

Yule askari wa kike alikuwa kijana, mpole. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza kama nimefungiwa humu ndani kwa nguvu.

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, siku zote zile. Niliutazama. Nikimjibu ndiyo, watamchukua wifi yangu na kanga yake, na habari itafika Unguja kabla ya mimi. Nikimjibu hapana, nitarudi kwenye pazia langu. Nilisema hapana. Nilisema nimefiwa na mume, na kwetu mjane hukaa ndani. Ilikuwa kweli, na hasira iliyonishika kwa kuwa ni kweli sijaisahau.

"Kuna kitu unachohitaji?" aliniuliza.

"Nataka kuliona kaburi la mume wangu kabla sijaondoshwa."

Akageuka akamtazama wifi, aliyekuwa amesimama kizingitini. Hilo halikuwa la polisi. Alinishika bega, akaaga. Chini kwenye ngazi yule jirani alikuwa amesimama mikono kifuani, uso mwekundu, anaomba radhi kwa kila mtu. Alidhani ninaomba msaada, alisema. Wa kwake amezikwa ng'ambo ya mto, yeye huenda kila Jumapili na mkasi kumkatia majani.

Wifi alifunga mlango. Hakunigombeza. Pazia nikaliacha wazi kidogo, hakulifunga.

Ijumaa alinitoa eda. Aliniosha mwenyewe kama mtoto, akanifukiza udi mpaka macho yakaniwasha, akanivisha kanga mpya. Nikalala nikijua nimeshindwa, kaburi sitaliona. Asubuhi nilipoamka alikuwa amekaa kwenye kiti na koti lake, mkoba mapajani.

"Vaa viatu. Yule bibi yako anatungojea na gari."

Makaburini tulielekezwa safu, nayo ilikuwa ndefu, makaburi mapya mwisho kabisa. Wifi alitangulia kwa haraka, nami nyuma yake. Kisha akasimama. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu, tuta la udongo lilikuwa linaonekana, na kibao chake cha namba. Hakuweza kuinua mguu.

"Nenda wewe," alisema.

"Twende sote, dada."

"Siwezi. Nilimlea mie yule." Alikuwa analia wazi wazi, mkoba umemwanguka. "Kila siku niliyokukalisha ndani, nilishukuru na mimi nimekaa, nisije huku."

Nilikuwa nimeyabeba maneno ya kumwambia kwa miezi yote ile, makali, nimeyanoa. Niliyaacha. Nilimshika mkono nikamvuta, naye alikuwa mzito, tukafika tukakaa chini kwenye majani yaliyolowa, tukamsomea.

Jumapili jirani ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Wifi aliomba ashushwe njiani, kituo cha treni, akiwa na mkasi wa majani aliouazima kwa yule bibi, ameufunga kwenye gazeti. Tuliagana pale pale ukingoni mwa barabara.

Tangu hapo nimeomba kurudi zaidi ya mara moja, sijapewa. Wifi hunipigia simu kila akitoka makaburini. Jiwe limeshawekwa, ananiambia, majani ameyakata, salamu zangu amezifikisha. Namjibu Mungu amlipe. Kisha naiweka simu, na nasema kweli, namwonea wivu mpaka nalia.