Ufagio Nyuma ya Mlango

Shemeji Faustin alifagia mbele ya mlango wake kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye karakana yake ya mbao. Mimi nilikuwa bado kitandani. Nilitoka Likasi, kule Katanga, kwenda Bukavu kumsaidia dada yangu mkubwa, Yaya Odette, aliyekuwa amejifungua. Ila yeye atakuambia nilienda kulala. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sekondari, pale Mulungwishi karibu na kwetu, niliugua kila Jumatatu.

"Malkia ya Likasi ameamuka?" aliuliza dirishani.

"Shemeji, hii udongo ilikukosea nini?"

Akacheka, akaendelea kufagia.

Kisha zikaja risasi. Tuliishi chini ya kitanda. Kulala nilikuwa na uzoefu. Jeshi letu likaondoka, askari wa kigeni wakaingia pamoja na waasi wao, wakasema wametukomboa.

Mtaani watu walibishana kwa sauti ndogo. Mama jirani alisema angalau wezi wamekwisha. Mumewe akamjibu kwamba mwizi wa kuku amempisha mwizi wa nyumba. Halafu wote wawili wakatazama barabarani.

Jumamosi ikatangazwa salongo, kazi ya kusafisha mji: kila mtu atoke na ufagio. Watu walitoka, maana bunduki zilisimama kwenye kila kona. Wakapigwa picha. Jioni tuliziona kwenye simu, na maneno chini yake: wananchi wanaunga mkono utawala mpya. Faustin alikuwa mbele kabisa, ameinama.

Tangu hapo hakufagia tena. Mtu safi kama yule.

"Mimi hawakuniuliza," alisema. "Waliuliza ufagio."

Jumamosi iliyofuata Yaya Odette alimsihi, mtoto mgongoni. Afagie tu, wapite zao. Akakataa. Basi nikauchukua ufagio mimi.

"Malkia anafagia?" alisema. "Basi kweli kuko vita."

Akaninyang'anya polepole, akauweka nyuma ya mlango.

Wakaja.

Mmoja akatazama majani mlangoni. "Hupendi usafi?"

"Usafi naupenda."

Wakamchukua, wakasema ni maswali machache tu.

Hakurudi. Tulimtafuta kila mahali tulipothubutu kuuliza, mpaka tukaambiwa tusiulize tena.

Sasa Yaya Odette anaishi nami Likasi. Kwenye foleni ya maji watu wanabishana: huyu anasema heri wageni watawale, mradi barabara zipone, yule anasema Katanga ijitawale yenyewe. Wanamgeukia yeye aliyetoka Bukavu. Anajaza ndoo yake, anaondoka.

Mbele ya mlango wetu hafagii, wala haniruhusu mimi. Maua ya jakaranda yanaanguka, yanaozea pale pale. Majirani wanasema uvivu wa mdogo umemwingia mkubwa. Nawaachia. Ni mara ya kwanza uvivu wangu kumfaa mtu.

Mtoto ameanza kutembea. Ana mgongo wa baba yake, ule wa kuinama. Ufagio tuliuacha Bukavu, nyuma ya mlango, alipouweka mwenyewe.