Msimu Mama Alipokula Senene

Harufu ya senene, wale panzi wetu wa msimu, wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe hainipiti hata leo. Ikinifikia sokoni Bukoba, mate yananijaa mdomoni na moyo unanidunda, vyote kwa wakati mmoja. Nilizaliwa Kashozi enzi za Mwingereza, na msimu ninaousimulia ulikuja mimi nikiwa bado sijang'oka meno ya utoto. Mvua za Novemba zilipoanza, senene walitua kwenye nyasi, na kabla umande haujakauka wanawake na wasichana tulikuwa tumeshatoka na vikapu, tukisukumana, tukiteleza, tukichekana. Mama alicheka kuliko wote, ingawa alikuwa na mimba kubwa. Nyumbani tuliwanyonyoa mbawa na miguu, tukawakaanga, tukawaandalia wanaume. Mume aliyeletewa senene alipaswa kumpa mkewe nguo, na wanawake waliringa na nguo hizo kanisani. Kula kwenyewe ndiko tulikokatazwa. Tuliambiwa kwamba mwanamke akionja tu, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha panzi. Basi sisi tuliishia kunusa.

Mchana mmoja Mama aliinama juu ya kikaango, akaangalia mlangoni, akatupia senene mmoja mdomoni. Kisha wa pili. Akafumba macho. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukitulia namna ile, na mimi niliyekuwa nimeketi kwenye nyasi za sakafuni nilifurahi kwa kuwa yeye amefurahi. Hatukumsikia Tata, baba yangu, akiingia. Alikuwa ametoka kukanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu, na miguu yake mitupu ilikuwa imegandwa na majani na maji ya ndizi.

"Unatafuna nini?" aliuliza.

Tata alikuwa mtu wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye. Siku hiyo alianza kwa kuuliza, nikajua itakuwa mbaya zaidi. Alimpiga Mama kwa fimbo ya mti wa kahawa mpaka ikavunjika, akaendelea kwa mateke. Mama alijikunja kulikinga tumbo, akaangukia mafiga, kikaango kikapinduka juu ya majivu. "Waitu, jamani, njooni mwone!" Tata alipiga kelele. "Mwanamke huyu anataka kunizalia panzi!" Bibi, mama yake Tata, alisimama mlangoni akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu halikuvunjika, yalivunjika meno mawili. Nilimchukia bibi yule, na sijaacha.

Habari zilifika Kitendaguro, kwao Mama, na kesho yake asubuhi kaka zake wawili walikuja na mapanga. Hawakubisha hodi. Walianza na migomba, jambo ambalo Mhaya hamfanyii hata mchawi, na mikungu michanga ikaanguka matopeni. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwetu iliumia migomba. Tata akatoka na mundu. Mjomba mkubwa akamkata sikio, Tata akamng'ata mkono akakataa kuachia, mjomba mdogo akawa anampiga mgongoni kwa ubapa wa panga. Nililia mpaka sauti ikaniisha, kwa maana niliona wazi kwamba mmoja wao atakufa pale pale uani.

Ndipo Mama akatoka, jicho limevimba, kikapu cha senene mkononi. Akasimama katikati yao, akajaza kiganja, akala. Alitafunia upande uliobaki na meno, polepole, mbele ya wanaume. Mapanga yakashuka.

"Nimekula, mmeniona wote," alisema. "Mtoto huyu akizaliwa panzi, niueni. Akizaliwa mtu, asiniguse mtu tena."

Akanishika mkono, tukaondoka na wajomba.

Mtoto alizaliwa Kitendaguro. Tata alikuja, kitambaa kimefungwa sikioni, nguo mpya kwapani. Hakusalimia. Alimfunua mtoto, akakipapasa kichwa kama mtu anayechagua parachichi: mbele, nyuma, juu. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake na panga lake. Kichwa kilikuwa mviringo. "Ni mtu," Tata alisema, akalia. Tulirudi nyumbani, nami nikadhani sasa raha imefika na itakaa. Haikukaa. Hakumpiga tena kwa ajili ya senene. Alipata sababu nyingine. Lakini kila Novemba Mama alikula hadharani, amefumba macho, na kwa muda ule wa kutafuna hakuna aliyethubutu kumgusa.

Watu wakiniuliza kama furaha ya kudumu ipo, nafikiria muda ule wa kutafuna. Wajukuu zangu wa kike hununua senene stendi ya Muleba, wakala wakitembea, wakicheka na midomo imejaa, wala hawajui kuna mtu alimwaga damu kwa jambo hilo. Nawaonea wivu kidogo, nasema kweli. Mdogo wangu, yule mwenye kichwa cha mviringo, sasa mzee mwenye kipara, huniletea senene wangu kila msimu. Mimi ni mjane, naishi peke yangu, na komeo la mlango wangu liko ndani. Hakuna tena wa kuniuliza natafuna nini. Lakini kabla ya senene wa kwanza, bado naangalia mlangoni.