Siku Mama Alipochanjwa Mguu

Mguu wa mama ulianza kufa ganzi mwaka ule tulipopanda chai mara ya kwanza, huko Ekerenyo. Usiku ulimchoma kama moto. Mchana aliukanyagia kama mguu wa mtu mwingine. Shangazi alisema ni umande wa shambani. Majirani walisema amekanyaga kitu kilichozikwa njiani, na hao ndio waliosikilizwa. Ugonjwa wa sukari, ambao daktari wa Kisii alikuja kuutaja tumeshachelewa, nani angeufikiria? Sukari yenyewe tuliionja wakija wageni.

Basi akaitwa mganga. Alimchanja mama kwa wembe kuanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti, akapaka dawa nyeusi ya unga. Mama hakukunja hata uso. Wanawake wakapiga vigelegele, wakausifu ujasiri wake. Nami nikajivuna, mjinga mimi.

Walipoondoka nilimkuta nyuma ya nyumba, anapangusa damu huku analia.

"Pole, mama. Inauma sana?"

"Kama ingeuma, mwanangu," akasema, "nisingelia."